Michembe ya Kwenda Songwa

Bibi Paskazia alikuwa na desturi moja ambayo watu wa Buseresere walimcheka nayo: alishukuru kila kitu. Mlango ukifunguka bila kulia, aliuambia wabeja, yaani asante, kwa Kisukuma chake. Kuni zikishika kwa njiti moja ya kiberiti, wabeja. Jogoo wa jirani akisahau kuwika akamwacha alale kidogo, wabeja na yeye. Umri ulikuwa sabini na kitu, magoti yalikuwa mawili na kila moja lilikuwa na maoni yake, lakini mdomo wake haukukaa mbali na kicheko.

Asubuhi ile ya Ijumaa, hata hivyo, alifungua mlango bila kuushukuru. Alikuwa anakwenda Songwa, kwa wakwe, kumrudisha Hosiana.

Hosiana alikuwa mke wa Ngusa, na Ngusa alikuwa mjukuu wa Bibi, aliyemlea tangu anatambaa. Kwa utani wa bibi na mjukuu, Ngusa alikuwa "mume wangu", kwa hiyo Hosiana akawa "mke mwenzangu". Wiki tatu zilizopita mke mwenza huyo alikunja nguo zake, akapanda basi, akarudi kwao. Na Bibi, kwa haki ya Mungu, hakuona pa kumlaumu.

Ngusa alichimba dhahabu na wachimbaji wadogo wenzake. Mawe aliyotoa shimoni aliyatia kwenye viroba, akayaleta nyumbani asije akaibiwa. Viroba vilianza kibarazani. Vikaingia sebuleni. Mwisho vikafika chumbani, Hosiana akawa akishuka kitandani anakanyaga mwamba. Ngusa akirudi jioni anawekewa chakula, na yeye kabla ya kuonja mboga anatoa jiwe mfukoni, analilamba, analigeuza kwenye mwanga aone kama linang'aa. Halafu ndiyo anakula, jicho likiwa kwenye jiwe. Ukimuuliza amekula nini, hajui.

Hayo Hosiana aliyavumilia. Kilichomshinda ni kinu. Siku hiyo kinu chake cha chuma cha kupondea mawe ya majaribio kilikuwa kimeazimwa, basi Ngusa akachukua kinu cha jikoni, cha mti, ambacho Hosiana alipewa na mama yake siku ya kuolewa, akatwangia mwamba humo. Akakifuta kwa kiganja, akakirudisha. Jioni Hosiana akatwangia karanga. Nyumba nzima ikala mlenda unaolia kwenye meno. Bibi alitoa kipande mdomoni, akakitazama, akasema ashukuriwe Mungu, angalau bado ana jino la kukigundua.

Hosiana hakucheka. "Wewe umeoa mawe," alimwambia mumewe. "Basi yakupikie."

Sasa, mtu hamfuati mke kwao peke yake kama anayefuata kuku. Anakwenda na mkubwa wake, na mkubwa haendi mikono mitupu. Bibi aliwaza sana ampelekee nini mama yake Hosiana, akaona hakuna cha kuzidi michembe. Mwaka jana wakati wa kiangazi alikata viazi vitamu vipande vyembamba, akavianika juu ya jabali mpaka vikawa vyeupe, vikavu, ukivimwaga vinalia. Alichagua vizuri tu, akajaza kiroba, akakifunga shingo kwa kitambaa chekundu alichochana kwenye khanga yake ya zamani, akakiweka jikoni.

Fredy alikuja na pikipiki yake kukiwa kumeanza kupambazuka. Alikuwa jirani, mtu mzima, baba wa watoto watano, na kazi yake ilikuwa kubeba watu na mizigo. Ngusa alikuwa bado anaoga kwa mara ya pili.

"Mwangaluka, Bibi."

"Mwangaluka, baba. Ingia jikoni unitolee kiroba chenye kitambaa chekundu. Kile kingine ni cha Ngusa. Amesema ukitushusha stendi, urudi ukipeleke karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe."

Fredy aliinama, akashika, akainuka nusu, akakwama hapo. "Bibi! Michembe hii umeikaushia kwenye tanuri la matofali?"

"Michembe yangu haina upepo ndani," Bibi alijibu kwa kujivuna. "Ukiona mchembe mwepesi, ujue aliyeukata alikuwa na haraka."

Kwenye basi kondakta naye akalalamika. Akakiangusha kiroba kwenye buti, basi likaitika. "Bibi, umehama na nyumba?" Bibi akacheka mpaka akafuta machozi, akamwambia huo ni mkono wa mtu anayejua kazi, akitaka aje afundishwe.

Na Ngusa je? Ngusa ndiye aliyekibeba kiroba kile begani walipobadilisha basi Kahama, akakibeba tena waliposhuka Maganzo, wala hakusema neno. Bega lake lilikuwa limezoea. Tangu alipokuwa kijana hajabeba begani kitu kingine zaidi ya kiroba cha mawe, na uzito ule kwake ulikuwa ndio uzito wa kiroba. Halafu akili haikuwepo. Njia nzima alikuwa anatikisa midomo, anajifunza maneno ya kumwambia baba mkwe.

"Mume wangu," Bibi alimwambia walipokuwa wanapita Buzwagi, "umeshaomba msamaha mara kumi na moja, na mimi nimeshakusamehe zote. Kula hindi hili, bado la moto."

Ngusa akala hindi. Bibi akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Lilikuwaje?"

"Nini, Bibi?"

"Hindi."

Ngusa akatazama gunzi mkononi kama mtu aliyepewa kesi. "Lilikuwa... hindi."

Bibi akashusha pumzi. Aliona safari hii itakuwa na kazi.

Walifika jua likiwa limepinda. Mji wa Mzee Stanslaus, baba yake Hosiana, ulikuwa wa nyumba mbili za bati na jiko la udongo upande wa nyuma, na kutoka jikoni hadi bafuni palikuwa na tope jeusi, kwa kuwa mvua za mwisho zilikuwa hazijakata. Mzee Stanslaus alikuwa mrefu, mkavu, mwenye macho ya kufinya. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kuchekecha changarawe za almasi, na mpaka leo hawezi kupita penye kokoto bila kuinamisha kichwa.

Ngusa alichuchumaa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," Mzee akasema, hakuongeza.

Mama yake Hosiana, aliyeitwa Eufrasia, alikuwa jikoni, na huko ndiko angekaa, maana mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Ngusa aliwekewa kigoda akageuzia mgongo jiko. Maneno ya mama yangemfikia kwa kupitia ukuta, na ya kwake yangerudi kwa mdomo wa Bibi. Hosiana mwenyewe alipita na ndoo kichwani, akapiga goti kumwamkia Bibi, akampita mumewe kama mti unavyopitwa.

"Mwadila, mayo," Bibi alimsalimia mama kuelekea jikoni.

"Mwadila," sauti ikajibu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeandaa maneno na anayangojea yapoe kidogo ndipo ayatoe.

Bibi akakaa vizuri kwenye mkeka. "Mzee Stanslaus, mimi nimepotelewa. Nina mume mmoja, huyu hapa, hana adabu. Na nilikuwa na mke mwenzangu, ana adabu. Katika kugawana, amebaki yule nisiyemtaka."

Mdomo wa Mzee ulicheza. Lakini sauti ikatoka jikoni: "Mwambie huyo mume wako, mwanangu hakuolewa na machimbo. Kinu nilikichongesha kwa fundi wa huku huku, mti wa kuchagua. Yeye kakifanya mtambo."

"Anasikia, mayo. Amenunua kingine."

"Anunue na mama mwingine."

Ngusa akafungua mdomo kusema yale maneno ya kwenye basi, yakamkimbia yote. Bibi akaona mambo yanakaza, akaharakisha zawadi. "Kabla ya maneno mengi, nimemletea mama mchembe wa kutafuna. Hosiana, mke mwenzangu, mpelekee mama kiroba."

Hosiana akakishika, hakikuja. Akamwangalia Bibi. Akakivuta kwa kukikokota mpaka mlangoni mwa jiko, kikaacha mfereji kwenye tope. Huko ndani kukawa na sauti ya mama akisema, "Haya, angalau mmoja wao ana heshima." Ikafuata sauti ya fundo likifunguliwa, kisha ungo ukivutwa.

Halafu: KWARARARA! Ungo ukapiga chini.

Kuku walikimbia. Mzee Stanslaus alisimama. Bibi Paskazia, ambaye anaijua sauti ya michembe ikimwagwa kama anavyoijua sauti ya mwanawe, alijua hapo hapo kwamba hiyo siyo.

Mama Eufrasia hakupiga kelele, na hilo ndilo lililowatisha. Alisema polepole, kila neno peke yake: "Hosiana. Njoo. Uone. Ulichopikiwa."

Hosiana akaingia. Akatoka na jiwe kila mkono, uso umemvimba. "Bibi," akasema, "hata wewe?"

Hapo Bibi aliumia kweli. Maneno yote aliyoyazoea, ya kugeuza jambo likawa la kuchekesha, yalimkaukia. Aliona basi la kurudi likiwa na watu wawili, aliona nyumba ya Buseresere na mume wake huyu na mawe yake. Akamgeukia Ngusa. Ngusa alikuwa amekuwa rangi ya jivu.

"Ni kosa langu," Ngusa akasema. "Ni mimi. Jana jioni nilisikia kuna watu wanaiba mawe majumbani. Hiki ndicho kiroba changu kizuri kuliko vyote. Nikaona, mwizi hawezi kuiba chakula cha Bibi. Nikafungua kitambaa chekundu kwenye michembe, nikafunga kwenye mawe. Nilitaka kumwambia Bibi asubuhi. Nikasahau. Nilikuwa naogopa kuja huku."

"Na michembe yangu?" Bibi akauliza, ingawa jibu lilikuwa limeshaanza kumjia.

Simu ya Ngusa ikalia. Alikuwa Fredy, na Fredy kwa desturi huongea kwenye simu kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde, kwa hiyo mji mzima ulimsikia.

"Kaka! Niko hapa karasha, zamu yetu ndiyo imefika sasa! Hivi haya mawe yako uliyachimba wapi? Mashine inatoa unga! Mweupe! Mwenye mashine anauliza kama tuweke na sukari!"

Mkono wa Ngusa wenye simu ulishuka taratibu, na Fredy akaendelea kuongea na suruali: "Halloo? Kaka? Kuna mbuzi wamekuja hapa, nawafukuza au nawaacha?"

Mzee Stanslaus ndiye aliyeanza. Mwanzo ilikuwa kama kikohozi. Kisha akashika nguzo ya kibaraza, akainama, mabega yanaruka, hewa haitoki. "Miaka," akasema, "miaka yangu yote... natafuta jiwe... mtu hajawahi kuniletea hata moja... leo naletewa kiroba... na kimefungwa kitambaa!" Akaketi chini kabisa.

Bibi naye akashindwa. Alicheka huku anaomba radhi, anaomba radhi huku anacheka, na akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa ajili ya mbuzi wa Fredy, popote walipo, kwamba michembe haikuharibika yote. Hosiana alikuwa amegeukia ukutani. Bibi hakuweza kujua anafanya nini huko, maana mgongo ukitikisika unaweza kuwa wa kilio au wa kicheko.

"Kelele," ikasema sauti ya jikoni, na wote wakanyamaza. "Ngusa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina. Ngusa akakaza shingo asigeuke. "Naam, mama."

"Haya mawe yana kitu ndani?"

Ngusa alisita. "Yana kitu, mama. Ndiyo mazuri niliyopata tangu mwaka uanze."

"Vema. Kwetu zawadi ya mkwe hairudishwi. Nimeyapokea. Utayatandaza pale kwenye tope, kutoka hapa mlangoni mpaka bafuni, nipate pa kukanyaga."

Jamani! Ngusa alimtazama Bibi. Bibi akatazama kuku. Jambo hili halikuwa la kusaidiwa. Kama ni mawe, aseme ni mawe. Kama ni mke, aseme ni mke. Hosiana alikuwa ameacha ukuta, amesimama na ndoo yake, na sasa hakujifanya tena kwamba haangalii.

Ngusa akavua shati. Akakunja suruali, akazungukia nyuma ya jiko ili asimwone mama mkwe, akaomba ungo wa mawe upitishwe kwa mkono wa Mzee, akapiga magoti kwenye tope. Alipanga jiwe moja moja, la bapa kwa la bapa, akikandamiza kwa kisigino. Moja lililokuwa na mstari wa njano ubavuni alilishika muda mrefu kidogo. Akatazama huku na huku. Ulimi ulitoka.

"Ngusa!" Bibi akasema.

Ulimi ukarudi. Jiwe likaingia topeni.

"Sasa hilo," Mzee Stanslaus akamwambia Bibi kwa sauti ya chini, akifuta macho, "litakuwa bafu la gharama kuliko yote wilaya ya Kishapu. Mimi kesho naoga mara tatu."

Chakula kikaja. Hosiana alimwekea baba yake na Bibi ugali na samaki, kisha akaleta sahani nyingine imefunikwa kwa bakuli, akapiga goti mbele ya mumewe, akaiweka. Hakuondoka. Ngusa alinawa, akafunua.

Ndani ya sahani palikuwa na jiwe. Limeoshwa vizuri, limekaa katikati, na pembeni Hosiana alikuwa ametia kachumbari.

Bibi aliacha tonge hewani. Huyu mke mwenzangu, akawaza, ana akili ya kuniua.

Ngusa aliliangalia jiwe. Akamwangalia mkewe. Hatimaye akalitoa, akaliweka chini kando ya kigoda bila kuligeuza kwenye mwanga. Akachukua kachumbari, akaila yote, polepole.

"Umetia ndimu," akasema. "Na pilipili ile ndogo. Nyumbani hukuwa unatia pilipili."

"Nilikuwa natia," Hosiana akasema. "Kila siku."

Masikio ya Ngusa yakaiva. "Basi nimekula pilipili yako miaka miwili sijawahi kukushukuru," akasema. "Wabeja, Hosiana. Na kwa kinu... kwa kinu sina la kusema. Nilikuwa mjinga."

"Hilo ndilo la kusema," ikasema sauti ya jikoni.

Na hapo Hosiana akacheka. Siyo kidogo. Alikalia visigino vyake akacheka mpaka kilemba kikamtoka. Kila akitaka kunyamaza analiona lile jiwe kando ya kigoda, anaanza tena. Alipomaliza alikuwa na machozi, akayafuta kwa upande wa kiganja.

"Mimi siji kesho," akasema. "Msifikiri nimeshindwa na kachumbari. Karanga za mama ziko shambani na mvua haijakata, zitaota zikiachwa. Nikimaliza kung'oa, nakuja. Ukitaka kunifuata, ngojea. Na chumbani kwangu nisikute hata kokoto."

"Nangojea," Ngusa akasema haraka, kabla neno halijageuka. "Na mimi najua kuchimba."

"Karanga hazichimbwi, mjinga wewe. Zinang'olewa."

"Nitafundishwa."

Baada ya kitambo kidogo mkono ulitokea mlangoni mwa jiko, mkono tu, umeshika sahani ya ugali na samaki, kipande cha kichwa, ambacho hapewi mtu asiyetakiwa. Mzee Stanslaus akaipokea akampelekea mkwewe. Ngusa alikula, na kila baada ya matonge mawili alisema samaki ni mtamu, mpaka mama mkwe akamwagiza Bibi amwambie inatosha, wamesikia.

Kesho yake asubuhi shambani umande ulikuwa bado. Bibi Paskazia aliwekewa kigoda pembeni ya mafungu, kazi yake kuchambua karanga na kukung'uta udongo. Magoti yote mawili, kwa mara moja, yalikuwa na maoni mamoja, kwamba jua hili la asubuhi linatosha. Mbele yake mistari miwili ya migongo ilikuwa inasogea, Hosiana upande huu, Ngusa upande ule. Ngusa alikuwa nyuma. Kila shina aliloling'oa alilitikisa, akalitazama chini, akahesabu.

"Hosiana! Njoo uone, hii ina punje tatu kwenye ganda moja!"

"Kila mtu anazo za tatu. Sogea."

Hatua tano. "Hosiana! Nne!"

"Uongo."

"Njoo uhesabu."

Hosiana akatupa shina lake, akarudi mpaka kwa mumewe, akainama. Vichwa vyao viwili vikakaribiana juu ya ganda moja la karanga, wakalipasua, wakabishana. Mmoja alisema ile ya mwisho ni punje, mwingine alisema hiyo ni ngozi tu, haina kitu ndani. Ili kumaliza ugomvi, Ngusa akaitia mdomoni, akatafuna, akafumba macho kama hakimu.

"Ilikuwaje?" Hosiana akauliza.

Bibi hakusikia alichojibiwa. Aliona tu Hosiana akicheka, akimsukuma kwa bega, na Ngusa akiketi kitako kwenye udongo.